Maiti wa Futi Saba, Mpelelezi wa Kilo Mbili

Tuzo ya kwanza kabisa ya Hugo kwa riwaya, iliyotolewa Philadelphia mwaka 1953, ilikwenda kwa hadithi ya mauaji. The Demolished Man ya Alfred Bester haina vita vya sayari. Ina tajiri mmoja, Ben Reich, anayetaka kumuua mpinzani wake wa biashara katika karne ya 24, zama ambazo polisi wanasoma mawazo na kwa zaidi ya miaka 70 hakuna aliyeua kwa kukusudia akafaulu. Reich anajua kwamba askari wa kwanza atakayekutana naye mlangoni ataiona nia yake yote. Basi anamwendea mtunzi wa nyimbo za matangazo na kumwomba kiitikio kinachoganda kichwani kuliko vyote, kile ambacho mtu akikisikia asubuhi hadi usiku bado anakivumisha. Kiitikio hicho ndicho ngao yake: kila anayejaribu kumsoma anakuta wimbo unazunguka.

Sijasoma mbinu nyingine ya kuficha uhalifu iliyo nyepesi na ya kutisha kama hiyo. Utamu wake umo katika sheria. Afisa Lincoln Powell anamjua muuaji mapema, lakini ushahidi uliosomwa kichwani mwa mtu haukubaliki mahakamani, na lazima kwanza airidhishe kompyuta ya mashtaka kwamba sababu, njia na nafasi ya kuua vyote vimethibitika. Msomaji naye anamjua muuaji tangu mwanzo. Linalomkimbiza ni swali moja tu, kama Reich atakamatika.

Huu ni mkusanyo wa rekodi za ukoo huo, yaani upelelezi wa giza unaotendeka katika dunia ya kesho. Dalili zake zinajulikana: mvua isiyokatika, mteja anayedanganya, mpelelezi mwenye madeni, na pembeni yake kifaa au kiumbe ambacho dunia yetu haina. Kipimo changu ni kimoja. Ukiondoa sayansi, je, mauaji yanabaki yalivyo? Yakibaki, ni hadithi ya kawaida iliyovishwa kofia ya rubani, na wengi waliovuma wanaanguka hapo hapo.

Jibu maarufu kuliko swali

Kwa ukongwe, watu humtaja Edgar Allan Poe, ambaye The Murders in the Rue Morgue yake ya 1841 huhesabiwa kuwa hadithi ya kwanza ya upelelezi. Ila novela ya kwanza kuiweka maabara katikati ya fumbo, kwa hukumu yangu, ni Strange Case of Dr Jekyll and Mr Hyde, iliyotoka Januari 1886. Robert Louis Stevenson wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu zaidi kwa Kisiwa chenye Hazina. Hii nyingine aliiandika mwaka 1885 akiwa Bournemouth, mgonjwa. Mwanawe wa kambo, Lloyd Osbourne, alisimulia baadaye kwamba rasimu ya kwanza ilimchukua siku tatu, mkewe Fanny akaikosoa, naye akaitia motoni na kuanza upya kwa kasi ile ile. Kitabu kiliuzwa shilingi moja.

Mpelelezi ni wakili, Bwana Utterson, mtu mkimya anayeizunguka London yenye ukungu akijiuliza kwa nini rafiki yake daktari ameandika wosia wa kumrithisha katili asiyejulikana anakotoka. Msomaji wa 1886 hakujua zaidi ya wakili. Alidhani, kama yeye, kwamba daktari anatishiwa kwa sababu ya dhambi ya ujanani. Jibu linakuja mwishoni kabisa, kwa maandishi ya marehemu. Leo hata asiyewahi kukishika kitabu anajua Hyde ni nani, na kwa sababu hiyo novela iliyojengwa kama fumbo inasomwa kama hadithi ya kutisha tu. Nani kalipwa vibaya na umaarufu kuliko Stevenson? Ukiweza kujisahaulisha jibu, utaona jinsi alivyotega milango, funguo na hati za mkono kwa uaminifu wa fundi.

Ubishi uliozaa zaidi

John W. Campbell, mhariri wa jarida la Astounding na mlezi wa waandishi wengi wa Marekani wa fani hii, alishikilia kwamba upelelezi na hadithi za sayansi haviwezi kukaa zizi moja. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Msomaji wa upelelezi anataka kushindana na mpelelezi kwa haki, na mpelelezi wa kesho anaweza wakati wowote kuchomoa mfukoni kifaa kinachomtaja muuaji. Mchezo umekwisha.

Hal Clement alimjibu ndani ya jarida lake mwenyewe mwaka 1949, kwa Needle, iliyokuwa kitabu mwaka 1950. Humo ndimo anamoishi mpelelezi mdogo kuliko wote niliokutana nao: kiumbe kutoka sayari nyingine, laini kama uji mzito, uzito wake unakaribia kilo 2, ambaye hawezi kuishi vizuri nje ya mwili wa mwingine. Amemfuata mhalifu wa jamii yake hadi duniani, vyombo vyao vimeanguka karibu na kisiwa cha Pasifiki, naye anajipenyeza ndani ya mwili wa kijana wa shule aliyelala ufukweni. Mhalifu naye amejificha ndani ya mtu fulani. Yupi? Clement anataja mapema kila kitu ambacho viumbe hawa wanaweza na wasichoweza, kisha anamwachia msomaji hesabu. Jina lake halisi lilikuwa Harry Stubbs. Alirusha ndege za mabomu za B-24 katika misheni 35 wakati wa Vita Kuu ya Pili, akarudi nyumbani Massachusetts kufundisha sayansi sekondari, na kitabu chake kina harufu ya darasa, jambo ambalo mimi nalipenda na wengine hawalivumilii.

Jibu lililovuma zaidi lilitoka kwa Isaac Asimov. Horace Gold, mhariri wa Galaxy, ndiye aliyemchokoza aandike riwaya ya roboti yenye mpelelezi ndani yake, na The Caves of Steel ikatoka kwa sehemu tatu kati ya Oktoba na Desemba 1953, kisha kama kitabu mwaka uliofuata. Mpelelezi Elijah Baley wa New York anapangiwa kazi pamoja na R. Daneel Olivaw, roboti mwenye sura ya binadamu kamili. Mtaalamu wa roboti ameuawa katika mtaa wa watu wa sayari za nje. Roboti hawezi kumdhuru binadamu. Hiyo ni sheria iliyochomelewa katika ubongo wake. Binadamu wa dunia naye hawezi kuvuka uwanda wa wazi na silaha mkononi, kwa kuwa vizazi vya kuishi chini ya paa la chuma vimemfanya aliogope anga. Kila mlango umefungwa kwa sababu ya kisayansi iliyotajwa waziwazi. Ondoa sayansi, na hakuna fumbo lolote linalobaki. Kwangu hicho ndicho kitabu kilichopita kipimo kwa alama za juu kuliko vyote.

Mwendelezo wake, The Naked Sun wa 1957, unashikilia rekodi ya sayari yenye wakazi wachache. Solaria ina watu 20,000 na roboti milioni 200. Wakazi wanaonana kwa picha tu, kukaa chumba kimoja na mwenzako ni aibu inayotapisha, na hapo hapo mtu anakutwa amepigwa hadi kufa. Ni mtu gani aliyethubutu hata kumkaribia? Wakati wa karantini za mwaka 2020 kitabu hiki kilipata maana ambayo mwandishi wake hakuiwaza.

Asimov mwenyewe alipenda vyumba visivyo na madirisha na alipanda ndege mara mbili tu maishani. Si ajabu kwamba ndiye pia aliyemuumba mpelelezi asiyesafiri kuliko wote, Dakta Wendell Urth wa The Singing Bell ya 1955, bingwa wa viumbe wa sayari za mbali anayefumbua mauaji ya mwezini bila kutoka nje ya chuo chake.

Mwathirika, mteja, jambazi

Mteja aliye karibu zaidi na marehemu ni Laurens Bancroft wa Altered Carbon, riwaya ya Richard Morgan ya 2002 iliyopata Tuzo ya Philip K. Dick. Katika dunia hiyo akili ya mtu inahifadhiwa kwenye kifaa kidogo shingoni na inaweza kupakiwa katika mwili mwingine. Bancroft amekufa kwa risasi, polisi wamesema alijiua, naye akiwa hai katika mwili mpya anamkodi mpelelezi athibitishe kwamba aliuawa. Saa zake za mwisho hazikuhifadhiwa, kwa hiyo yeye ndiye shahidi asiyejua lolote.

Maiti mkubwa kuliko wote ni wa Titanium Noir ya Nick Harkaway, ya 2023. Matajiri wanajidunga dawa inayowarudishia ujana, na kila dozi inawaongeza kimo. Mwanasayansi aliyekutwa amekufa kwenye nyumba ya kawaida ana zaidi ya futi saba, umri wake ni miaka 91, na sura yake ni ya kijana. Mpelelezi anasoma tabaka la mtu kwa kuangalia tu kimo cha mlango wake. Harkaway ni mtoto wa John le Carré, na kitabu kinaonyesha alivyokulia karibu na watu wanaosema nusu ya wanachojua.

Jambazi asiyesahaulika: kangaruu mwenye bastola katika Gun, with Occasional Music ya Jonathan Lethem, 1994. Yatosha.

Kesho zilizochina haraka

Mwandishi wa kesho ana adui mmoja asiyehongeka, kalenda. Philip K. Dick alipochapisha Do Androids Dream of Electric Sheep? mwaka 1968 aliweka matukio yake mwaka 1992. Mwaka ulipokaribia, matoleo ya baadaye yakausogeza hadi 2021, na 2021 nayo imepita. Filamu iliyotokana nayo, Blade Runner, ilichagua Los Angeles ya Novemba 2019. Novemba 2019 ilifika bila magari ya kuruka.

Harry Harrison alikosea kwa idadi ya watu. Make Room! Make Room! ya 1966 inamfuata mpelelezi wa polisi katika New York ya 1999 yenye wakazi milioni 35. Mwaka 1999 halisi jiji hilo lilikuwa na takriban milioni 8. Filamu yake, Soylent Green ya 1973, ikasogeza tarehe hadi 2022 na kuongeza siri ya chakula ambayo kitabuni haimo kabisa. Kitabuni ni soya na dengu. Edward G. Robinson, katika filamu yake ya 101, alicheza mzee anayechagua kufa. Alifariki tarehe 26 Januari 1973, kabla filamu haijaonyeshwa.

Ila namba iliyonikalia zaidi ni ya Asimov. Katika The Caves of Steel, maelfu ya miaka mbele, dunia imefikisha watu bilioni 8. Kwa msongamano huo watu wanaishi ndani ya majiji yaliyofunikwa, wanakula hamira iliyokuzwa viwandani, na beseni la kunawia la chumbani ni fadhila ya cheo. Umoja wa Mataifa ulitangaza bilioni 8 tarehe 15 Novemba 2022. Hatukuhamia chini ya chuma. Mwaka 1953 mtu mwenye akili nyingi aliweza kuamini kwamba idadi hiyo ingetuchukua milenia nzima kuifikia; ilituchukua chini ya miaka 70.

Rekodi za sinema

Kesho iliyogharimu kidogo kuliko zote ni ya Jean-Luc Godard. Alphaville ya 1965 inatokea katika jiji la mbali linalotawaliwa na kompyuta, na Godard hakujenga hata ukuta mmoja. Alipiga picha Paris usiku, katika majengo mapya ya vioo, korido za hoteli na ngazi za umeme, akamvalisha Eddie Constantine koti la mvua na kofia, basi. Filamu ikatwaa Dubu wa Dhahabu mjini Berlin mwaka huo huo.

Kesho yenye giza kuliko zote ni Dark City ya Alex Proyas, 1998, ambamo jua halichomozi na mshukiwa wa mauaji ndiye wa kwanza kuuliza lini mara ya mwisho mtu yeyote aliona mchana. Baadhi ya mapaa yaliyojengwa kwa ajili yake yalitumika tena katika The Matrix, na wengi wamekwishayaona bila kujua.

Filamu iliyochelewa zaidi kupendwa haina mshindani. Blade Runner ya Ridley Scott ilitoka Marekani tarehe 25 Juni 1982, wiki mbili baada ya E.T., na siku ile ile na The Thing. Majira hayo watazamaji walikuwa wakimlilia kiumbe mwema mwenye kidole kinachong'aa. Polisi mchovu anayewawinda watu bandia kwenye mvua hawakumtaka. Mapato ya awali ya nyumbani hayakufidia gharama. Hata jina lilikuwa la kuazima, kutoka kitabu cha Alan E. Nourse cha 1974 kuhusu walanguzi wa vifaa vya upasuaji. Tangu hapo imetoka kwa sura saba tofauti, ya mwisho ikiwa ya 2007, na mwaka 1993 Marekani iliiingiza katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa kitaifa.

Philip K. Dick aliona dakika chache tu za majaribio. Alifariki tarehe 2 Machi 1982, akiwa na miaka 53. Rutger Hauer, aliyemwigiza kiongozi wa watu bandia anayekufa mwaka 2019, alifariki Julai 2019. Nikiangalia mambo haya mawili siwezi kuyageuza kuwa na maana yoyote, lakini pia siwezi kuyaacha nje ya orodha.

Mwendelezo, Blade Runner 2049 wa 2017, uliweka rekodi ya subira. Mpiga picha Roger Deakins alikuwa ameteuliwa kwa Oscar mara 13 na kurudi nyumbani mikono mitupu. Mara ya 14, kwa filamu hii, akaipata. Filamu ni ya dakika 163. Inapendeza macho, na ingeweza kupunguzwa nusu saa bila kupoteza hata dokezo moja.

Na hapo ndipo ninapofikia jambo la urefu.

Kwa nini novela inashinda

Tuzo za Hugo na Nebula zinahesabu novela kuwa kazi ya maneno 17,500 hadi 40,000. Kitengo hicho cha Hugo kilianza mwaka 1968 na mara ya kwanza tu kikatoa sare, kati ya Philip José Farmer na Anne McCaffrey, ambaye hivyo akawa mwanamke wa kwanza kushinda Hugo ya hadithi. Kisha kwa miongo mingi novela ikawa yatima: ndefu mno kwa jarida, nyembamba mno kwa rafu ya duka. Vitabu vya kielektroniki vilibadili hesabu hiyo, na tangu mwaka 2015, Tor.com ilipoanza kuchapisha novela mfululizo, aina hii imekuwa na mavuno ambayo haijawahi kuyaona.

Nadhani upelelezi wa giza ndio uliofaidi zaidi. Anayebuni dunia mpya anavutwa kueleza: nani alitawala, mashine inafanyaje kazi, sarafu ina picha ya nani. Mpelelezi hana muda wa hayo. Ana maiti, ana mteja, ana hadi kesho asubuhi. Ukimbana mwandishi ndani ya maneno 35,000, dunia yake inalazimika kujieleza kupitia vitu ambavyo mpelelezi anavigusa, na kila kitu kilichoelezwa kinakuwa ushahidi au kinatupwa. Altered Carbon ni nono. Sioni hasara yoyote ingekatwa theluthi.

Mpelelezi asiyependa kazi yake kuliko wote ni roboti wa ulinzi wa Martha Wells, aliyevunja kidhibiti chake ili aweze kutazama tamthilia za mfululizo kwa amani. All Systems Red ya 2017 ilichukua Hugo, Nebula na Locus katika kitengo cha novela. Iliyo karibu zaidi na mada yetu ni Fugitive Telemetry ya 2021: maiti imekutwa kwenye kituo cha anga, na roboti anapewa kazi na polisi wasiomwamini kwa masharti kwamba asiingilie mifumo ya kituo. Wells amemziba mdomo Campbell kwa sentensi moja ya mkataba. Kifaa cha mfukoni kipo, lakini kimekatazwa.

Msaidizi mkubwa kuliko wote wa mpelelezi yumo katika The Tea Master and the Detective ya Aliette de Bodard, ya 2018, iliyopata Nebula. Ni chombo cha anga chenye akili, kilichokuwa zamani kikibeba wanajeshi, na sasa kinajikimu kwa kuchanganya chai zinazowasaidia abiria kustahimili anga za ndani. Mpelelezi mwenye kiburi, Long Chau, anakuja kutaka kikombe na kuomba msaada wa kuipata maiti. Chombo kina kiwewe cha vita, na kinamchunguza mteja wake kama yeye anavyoichunguza maiti. Mandhari ni ya himaya iliyotokana na utamaduni wa Vietnam, na chai ndiyo inayoamua nani atatoka hai.

Mtaa wa mbali kuliko yote katika novela za karibuni: reli na majukwaa yanayoizunguka Sumbula, yaani Jupita, katika The Mimicking of Known Successes ya Malka Older, 2023. Mtu ametoweka kutoka jukwaa ambalo halina pa kukimbilia isipokuwa gesi ya chini. Na mtaa wa karibu kuliko yote, ingawa ni riwaya kamili, ni The City & the City ya China Miéville, 2009. Miji miwili inashiriki ardhi ile ile, wakazi wamefunzwa tangu utotoni kutoona mji wa pili, na kuuona ni kosa zito kuliko kuua. Kitabu kilipata Hugo kwa sare, kikampa Miéville Tuzo ya Arthur C. Clarke ya tatu, na hakuna aliyekuwa amewahi kufika tatu kabla yake.

Upande wetu

Afrika iliingia kwenye orodha ya Clarke mwaka 2011, Lauren Beukes wa Afrika Kusini alipoishinda kwa Zoo City. Zinzi December anaishi Hillbrow, Johannesburg, anatafuta vitu vilivyopotea kwa malipo, na mgongoni amebeba mnyama aliyemwandama tangu alipotenda kosa lake, kama ilivyo kwa kila mwenye damu mikononi. Ni rekodi ya mpelelezi ambaye rekodi yake ya jinai inaonekana mtaa mzima. Mwaka 2019 Tade Thompson, daktari wa magonjwa ya akili mwenye asili ya Kiyoruba, aliishinda kwa Rosewater, inayotokea Nigeria ya 2066, na ambayo mhusika wake mkuu ni mwizi mstaafu anayesoma mawazo kwa ajili ya serikali.

Kwa Kiswahili, mpelelezi wa kwanza wa kudumu ni Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda shindano la uandishi la 1957 na 1958 na kuchapwa mwaka 1960. Wengi humwita Sherlock wa Zanzibar kwa sababu ya kiko na rafiki yake Najum, na sifa hiyo ni ya haki nusu tu. Maiti imekutwa penye mzimu, watu wana jibu tayari, ni kazi ya mizimu. Msa anakataa. Anapima, anauliza, anakumbuka nani alisema nini lini. Abdulla alianza kazi kama mkaguzi katika idara ya afya kabla ya kuwa mhariri wa magazeti, na Msa anaingia kwenye eneo la mauaji kwa jicho la mkaguzi. Kwa kipimo nilichokitaja, kitabu hiki kinapita kwa njia ya kushangaza: sayansi yake ni kichwa cha mpelelezi, na ukiiondoa kesi nzima inarudi kuwa ya mizimu na hakuna wa kushtakiwa.

Kasi tuliipata baadaye, kwa Willy Gamba wa Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona ya 1974, na kwa Joram Kiango wa Ben Mtobwa, ambao hawakai kwenye kiti zaidi ya aya mbili. Kesho nayo tunayo. Katama Mkangi, katika Walenisi ya 1995, anamrusha Dzombo, mtu aliyehukumiwa kufa, ndani ya chombo kinachompeleka kwenye nchi nyingine kabisa. Euphrase Kezilahabi aliandika Nagona mwaka 1990, nyembamba mno, na ndani yake msimulizi asiye na jina anasaka kitu katika mji uliohamwa. Kyallo Wamitila, katika Bina-Adamu! ya 2002, anamzungusha msimulizi wake mabara kadhaa akimsaka P.P. Vitabu hivi viwili vya mwisho wahakiki huviweka kwenye rafu ya falsafa. Mimi naviweka hapa. Msako upo, giza lipo, kila shahidi anajibu kwa fumbo, na kurasa zinaisha haraka. Filamu fupi ya Wanuri Kahiu, Pumzi ya 2009, inayotokea Afrika Mashariki isiyo na maji, ina uchunguzi wake pia: sampuli ya udongo wenye unyevu imefika kwa mtafiti bila jina la mtumaji, na wakubwa hawataki aulize imetoka wapi.

Kesi isiyofungwa

Imebaki rekodi ya ushindi mdogo kuliko wote. Ndugu Arkady na Boris Strugatsky waliiwania mwaka 1970 kwa kisa cha hoteli ya milimani iliyozibwa na theluji, ambamo inspekta aliye likizo anafuata kila kanuni ya kazi yake na kwa kufanya hivyo anaharibu kila kitu. Waestonia waliitengeneza filamu nzuri mwaka 1979.

Lakini mshindi ni Stanisław Lem wa Poland, kwa Śledztwo ya 1959. Maiti zinatoweka au kukutwa zimesogea katika vyumba vya kuhifadhia maiti Uingereza, na Luteni Gregory wa Scotland Yard hana mshukiwa. Ana mwanatakwimu mwenye fomula inayounganisha umbali, muda na joto, na inayooana na takwimu za saratani za eneo husika. Fomula inafanya kazi. Haielezi chochote. Mwishowe mkuu wake anamletea maelezo kuhusu dereva wa lori, yanayolingana na tarehe zote na yanayotosha kujaza faili. Kama ni ya kweli, hakuna kati yao anayelisema. Wapenzi wa upelelezi wamekuwa wakilalamika tangu hapo kwamba Lem aliwaibia mwisho. Gregory anaombwa tu aseme kama maelezo hayo yanamtosha, na anaanza kuyazoea.